Barafu ya Mkwe

Siku bosi wangu aliponiambia niende Mbita kufufua kiwanda cha barafu, nilinunua suti mpya. Hilo peke yake lingetosha kuwaonya wenye kiwanda. Mbita, mtu anayevaa suti siku ya kazi ni mhubiri, mwanasiasa, au mtu aliyekuja kufunga kitu. Mimi sikuwa na sauti ya mhubiri wala mfuko wa mwanasiasa.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Kampuni ikizidiwa na madeni, ikashindwa kulipa benki na watu wengine wanaoidai, sheria inaruhusu aletwe mtu wa nje ashike usukani kwa muda. Huyo huitwa msimamizi. Mwenye kampuni anasogea kando, wadai wanazuiwa kuja kubeba mashine na viti, na msimamizi anapewa nafasi ya kutafuta namna kampuni itakavyopona. Asipoona njia, anaifunga na kugawa kilichobaki. Msimamizi halisi, mwenye leseni na muhuri, alikuwa bosi wangu, mama mmoja mkali aliyebaki Nairobi. Mimi nilikuwa mtu wake wa mashinani. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa nikibeba mafaili ya wakubwa, na kwa mikono yangu mwenyewe sikuwa nimefufua hata kibanda cha soda.

"Wewe si ni mtu wa huko?" bosi aliniuliza.

Nilikubali. Nimezaliwa Migori mjini, baba yangu ni Mkuria aliyekuwa akiuza mbegu na dawa za mifugo, na nimeoa Kisegi, upande wa Suba Kusini. Mke wangu anafundisha shule ya msingi Migori, na kwa muda mrefu nimekuwa baba wa simu na wa Krismasi. Nikaona Mungu amenikumbuka: kazi karibu na nyumbani, cheo kipya, na suti.

Kiwanda kilikuwa karibu na ufuo wa ziwa, jengo refu la mabati ya buluu ambalo lilisikika kabla ya kuonekana, maana mashine yake ilikuwa ikinguruma kama fahali aliyefungwa. Kilitengeneza mabonge ya barafu kwa ajili ya wanunuzi wa samaki. Samaki wetu, mbuta na ngege, wakitoka majini hawana subira. Bila barafu, kufika mchana wameshaanza kunuka, na bei inashuka kila saa. Kiwanda kilikuwa na lori moja la kupeleka barafu kwenye vituo vyake viwili vya mbali, kimoja Muhuru Bay, karibu na mpaka wa Tanzania, na kingine Kisegi.

Mwenye kiwanda alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee mnene, mpole, aliyevaa kofia ya kaki hata ndani ya ofisi. Watu wote walimwita Mwalimu. Alikuwa amekijenga kwa kiinua mgongo chake na mkopo wa benki, na kwa jinsi nilivyokuja kumfahamu, alikiendesha kama shule: hakuna mtoto anayefukuzwa kwa kukosa karo. Mteja asiye na pesa alipewa barafu. Familia iliyofiwa ilipewa barafu ya bure ya kuhifadhia nyama na soda za waombolezaji. Aliyeomba kazi alipewa kazi, na kama kazi haikuwepo, ilibuniwa.

Alinipokea mlangoni na kunionyesha kiti chake.

"Karibu, kijana wangu. Kaa hapa. Wamesema sasa hiki ni chako."

"Si changu, Mwalimu. Ni cha muda tu."

"Hata changu kilikuwa cha muda," akasema, akaenda kukaa kwenye benchi la wageni.

Nilikaa. Kiti kilikuwa kimezoea uzito wa mtu mwingine, na kilinimeza hadi meza ikanifika kifuani. Niliongoza mkutano wangu wa kwanza na wafanyakazi nikiwa nimejificha nyuma ya meza kama mtoto anayekula na wakubwa. Nilikuwa nimeleta projekta na slaidi. Slaidi ya kwanza ilikuwa na mshale mwekundu unaoshuka, ya pili mshale wa kijani unaopanda. Kati ya mishale hiyo miwili, kusema kweli, sikuwa na kitu. Nilieleza kwa Kiswahili cha Nairobi kilichochanganyika na Kiingereza, kisha nikajaribu Kijaluo changu, ambacho mke wangu husema kinasikika kama mtu anayeongea huku akipanda mlima. Wafanyakazi walisikiliza kwa heshima. Nilipouliza kama kuna swali, mama wa stoo aliinua mkono.

"Chai itaendelea?"

Chai haikuendelea. Ilikuwa ya kwanza kwenye orodha yangu ya gharama za kupunguza, pamoja na maandazi yake. Nilipiga marufuku pia barafu ya mkopo, barafu ya bure na safari za lori zisizo na faida, na Kisegi ndiyo iliyoongoza kwa hasara. Nikaagiza hakuna kitu cha kampuni, hata gunia, kitakachotoka nje ya geti bila sahihi yangu. Na kwa sababu nilitaka nionekane mtu safi, nikaongeza kwamba jamaa wa msimamizi na wa wafanyakazi wasipewe mali ya kampuni kwa njia yoyote. Nilichapa hayo yote kwa herufi kubwa, nikayabandika ukutani, nikarudi nyuma hatua chache kuyatazama. Niliyaona mazuri kabisa.

Sehemu moja sikuiona nzuri, na hata leo sitaki kuifanyia mzaha. Ilibidi baadhi ya wafanyakazi waachishwe kazi. Niliwaita ofisini mmoja mmoja na maneno niliyokuwa nimeyakariri, na kila mara niliyasahau katikati. Mmoja alikuwa karani mrefu mwenye miwani, aliyekuwa akinisindikiza hotelini kula ngege na ugali tangu siku niliyofika, mtu pekee Mbita aliyecheka utani wangu. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hivyo leo hatuendi lunch?" akauliza.

Tulienda. Alikataa nimlipie. Baada ya hapo nilikula peke yangu, na mhudumu wa hoteli alianza kuniwekea meza iliyo karibu na choo.

Wiki hizo za mwanzo nilikuwa nikipiga simu Nairobi kila jioni kutoa ripoti. Hali ilikuwa mbaya lakini haikuwa ya kukatisha tamaa. Benki ilikuwa tayari kungoja ikiona mpango wa maana. Wadai waliobaki wengi walikuwa wadogo, isipokuwa kundi moja: akina mama wauza samaki waliokuwa wamelipia barafu mapema, msimu mzima, na kiwanda kikashindwa kuwapa. Mpango wowote niliotaka ungepigiwa kura na wadai, na kura za akina mama hao zingeweza kuupitisha au kuuzika.

Nilimuuliza Mwalimu mwenyekiti wao ni nani, ili nikamwone mapema.

Akatabasamu kwa huruma.

"Unamfahamu," akasema. "Umeoa binti yake."

Hapa inabidi nieleze jambo kwa msomaji ambaye hakuoa upande wetu. Wakuria na Wajaluo tunatofautiana katika mengi, lakini kuhusu mama mkwe tunakubaliana kabisa. Mama mkwe si mtu wa kuzungumza naye ovyo. Humshiki mkono hivi hivi, huli naye meza moja, humtazami usoni ukampinga. Naye pia anakuheshimu hivyo hivyo. Akikuona unakuja njiani, anaweza kupinda kupitia shambani. Tangu nimuoe binti yake, mimi na mama huyu tulikuwa tumeishi kwa amani kubwa kwa sababu tulikuwa hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Nilijua anafanya biashara ya samaki. Nilidhani ni beseni moja au mawili. Sikujua kwamba kutoka Kisegi hadi Mbita akina mama hawapandishi bei bila yeye kukohoa.

Nilimpigia bosi wangu mara moja nikamweleza, nikiwa na hakika ataniondoa kazini hapo Mbita. Nilikuwa nimeshaanza kukunja suti.

"Umetangaza uhusiano huo, vizuri," akasema. "Nitaiandikia benki. Wakikubali, endelea. Kwani si ni faida? Una mtu wa ndani."

Benki ikakubali. Nilijaribu kumweleza bosi maana ya mama mkwe, lakini yeye na mama mkwe wake huenda saluni pamoja.

Mke wangu, nilipomwambia, alicheka hadi akaweka simu chini. Nilimsikia akiwahadithia watoto.

"Utafanyaje?" akaniuliza aliporudi.

"Nitakuwa mtaalamu tu. Kazi ni kazi."

"Mwambie hivyo," akasema. "Mwambie mama kazi ni kazi, halafu unipigie."

Kabla sijapata ujasiri huo, msiba ukatokea. Baba mdogo wa mke wangu, shemeji yake mama mkwe, alifariki huko Kisegi. Familia ilijipanga: huyu ng'ombe, yule mahema, yule usafiri. Na kwa kuwa kulikuwa na mkwe anayekaa kwenye kiti cha mwenye kiwanda cha barafu, hakuna aliyejisumbua kuuliza barafu itatoka wapi.

"Mama amesema wewe ni barafu," mke wangu akanieleza.

Nikatazama ukutani. Herufi zilikuwa kubwa kweli.

Niseme nilikuwa mwaminifu. Ujinga wangu ulikuwa wa kupangwa, si wa bahati mbaya. Nililipia barafu kama mteja yeyote, pesa taslimu, nikachukua risiti. Lori la kiwanda sikuweza kulitumia, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimelizuia kwenda Kisegi. Kituo chetu cha Kisegi kilikuwa kitupu kwa sababu hiyo hiyo. Nikakodi pikapu. Kilichobaki ni magunia na vumbi la mbao la kufunikia barafu isiyeyuke njiani, na hayo yalikuwa stoo.

"Magunia hayatoki bila sahihi ya msimamizi," mama wa stoo akasema.

"Hapa Mbita si mimi ndiye msimamizi?"

"Ndiyo. Sasa tia sahihi."

Nikachukua kalamu. Mama wa stoo akakohoa kidogo na kuelekeza kidevu ukutani, kwenye lile tangazo. Jamaa wa msimamizi wasipewe mali ya kampuni kwa njia yoyote. Nikakaa pale na kalamu mkononi. Kama ningetia sahihi, habari ingefika kwa wafanyakazi niliowanyima chai kabla sijamaliza jina langu. Nikaiweka kalamu chini. Nilikuwa nimejinyima mwenyewe, na nikajisikia mtu mkubwa kwa muda wa kutoka stoo hadi kwenye pikapu.

Tuliondoka jua likiwa tayari limepanda. Nilikuwa nimefunika barafu kwa turubai jembamba la dereva, lenye matundu. Barabara ya kwenda Kisegi kupitia Sindo ina vumbi na milima, na siku hiyo haikuwa na hata wingu moja. Nyuma yetu tuliacha mstari wa maji barabarani. Mbuzi wa Sindo waliukimbilia. Kila tulipopanda mlima maji yalimwagika nyuma, na kila tuliposhuka yalitiririka mbele na kupenya kwenye kabini, yakanilowesha viatu na suruali ya suti. Dereva alikuwa mtu wa adabu. Alisema mara moja tu:

"Boss, hii mzigo inapungua."

Tulipoingia nyumbani, mahema yalikuwa yamejaa. Waombolezaji waligeuka kutazama. Vijana wa familia walikimbia kupokea barafu, wakafunua turubai, wakabaki wamesimama. Vilikuwa vimebaki vipande vichache, laini na vya mviringo kama sabuni iliyotumika. Mmoja wao alishika kimoja, kikamtoka mkononi kikaanguka.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwa heshima karibu na jikoni, umbali unaotakiwa. Hakunitazama. Alimgeukia dada yake mdogo, akasema kwa sauti ya chini, lakini msiba ulikuwa umenyamaza na kila mtu akasikia:

"Mwambie mkwe wetu tumeshukuru kwa maji."

Watu walikuwa wanaomboleza kwa dhati, na marehemu alikuwa mtu mwema aliyependwa. Kwa hiyo hakuna aliyecheka. Niliona tu mabega yakitikisika chini ya hema la wanaume, na mchungaji akafungua Biblia yake na kuikaribia sana usoni. Maji yenyewe hayakupotea, niseme ukweli. Yalioshea sufuria.

Mwalimu alikuwepo pia. Alikuwa hakosi msiba. Wakati wa salamu za rambirambi akasimama, akavua kofia, akaeleza jinsi marehemu alivyomsaidia kubeba mawe ya msingi wa kiwanda. Kisha akanionyesha kwa mkono.

"Na huyu mkwe wenu," akasema, "ndiye daktari wa kiwanda chetu. Amekuja kututibu. Dawa ni chungu, lakini anainywa pamoja na sisi."

Nilikuwa nimesimama katika suti iliyolowa hadi magotini. Nadhani alisema kwa upendo. Nimemuuliza baadaye, na jibu lake lilikuwa kicheko tu.

Mkutano wa wadai ukapangwa muda mfupi baada ya mazishi. Nilitangaza ufanyike Jumamosi. Mke wangu ni Msabato, mama yake ni Msabato, nusu ya akina mama wauza samaki ni Wasabato, na mimi niliyelala kitanda kimoja na Msabato miaka yote hiyo nikawaita waje kujadili madeni siku ya Sabato. Nilipata simu nyingi. Tukahamishia Jumanne.

Tulikutana katika ukumbi wa shule. Benki ilimtuma afisa wake kutoka Homa Bay, mwanamke kijana, mgeni huku kwetu, mwenye kompyuta na haraka. Alikaa kulia kwangu. Mwalimu alikaa kushoto, kofia mapajani. Akina mama waliingia kwa pamoja, wakajaza safu za mbele, isipokuwa mama mkwe, ambaye alivuta kiti chake hadi pembeni kabisa na kukigeuza kielekee dirishani. Na mimi, nilipoliona hilo, nikageuza changu kidogo kielekee mlangoni. Kati yetu alikaa mweka hazina wa kikundi, yule dada yake mdogo wa msibani.

Nikaanza kueleza mpango. Deni la benki litalipwa polepole, kwa muda mrefu zaidi. Lori litauzwa. Kituo cha Muhuru Bay kitabaki, barafu yake ikipelekwa kwa gari la kukodi. Akina mama watapunguza sehemu ya madai yao, na inayobaki watalipwa kwa barafu. Kituo cha Kisegi kitafungwa.

Mama mkwe aliliambia dirisha, halafu akamwambia mdogo wake:

"Muulize mkwe wetu, Kisegi imemkosea nini."

"Anauliza Kisegi imekukosea nini," mweka hazina akasema.

"Mwambie mama Kisegi haijanikosea. Ni hesabu tu."

"Anasema ni hesabu tu."

"Muulize hiyo hesabu yake inajua samaki wa Kisegi wanafika Mbita na miguu gani, kama barafu hakuna na lori ameuza."

Afisa wa benki alikuwa akigeuza kichwa kutoka dirishani hadi mlangoni kama anayetazama mpira wa meza. Akaninong'oneza:

"Samahani, mbona hamwangaliani? Mmegombana?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Najua. Iko kwenye faili. Kwa hivyo?"

Jibu la hilo lisingeingia kwenye kompyuta yake. Nilikuwa na slaidi nzuri kuhusu Kisegi, yenye mshale mwekundu kuliko yote, lakini kuionyesha kungekuwa kumpinga mama mkwe hadharani, tena kwa umeme. Nikabofya haraka kuiruka. Mashine ikagoma na slaidi ikajitokeza ukutani, kubwa, na mshale wake. Nikasimama mbele yake kuifunika kwa mwili wangu. Mshale ukanipita kifuani.

Kutoka dirishani sauti ya mama mkwe ikaja tena, sasa ya upole zaidi, na hiyo ndiyo iliyonitisha:

"Mwambie mkwe wetu mimi sitaki kumwaibisha. Lakini wajukuu wangu wakija likizo Kisegi wanakula samaki ambaye hajaoza. Afikirie hilo kwanza."

Mweka hazina akafungua mdomo arudie.

"Nimesikia," nikasema. "Mwambie mama nimesikia."

Na hapo nikasema kitu ambacho hakikuwa kwenye slaidi yoyote. Nilikisema kama mtu anayeruka ukuta kwa kufukuzwa na mbwa. Nilisema kama kituo cha Kisegi ni muhimu hivyo, basi akina mama wakichukue wenyewe. Kituo, sanduku lake kubwa la barafu, kila kitu, kiwe chao, badala ya ile sehemu ya madai ambayo nilikuwa nataka waisamehe bure. Wakiendeshe siku wanazotaka. Kiwanda kiwauzie barafu kwa bei ya jumla, na usafiri wajitafutie.

Akina mama wakainamiana, wakaongea Kijaluo cha haraka ambacho sikuweza kukifuata. Nilisikia neno "orwa," mkwe wetu, mara kadhaa, na sikujua kama ni sifa au ni kesi. Afisa wa benki aliacha kuandika na kunitazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili, na nikakwepa macho yake nisije nikaharibu.

Mama mkwe akamwambia mdogo wake sentensi moja. Mweka hazina akasimama, akanyoosha leso yake kiunoni.

"Anasema sawa. Lakini lori tunalinunua sisi, msiuzie mtu wa Kisumu."

Mpango ukapita. Mikono yote ya mbele iliinuka, na wa dirishani pia uliinuka, ukiwa umeelekea nje, ziwani. Bosi wangu aliposoma ripoti, alinipigia simu kunisifu. Alisema kubadilisha deni kuwa mali, na kumgeuza mdai kuwa mshirika, ni ubunifu wa hali ya juu, na akataka kujua wazo lilinijia vipi. Nikasema nilitazama hali kwa mapana.

Kama kura ile ilipita kwa sababu mpango ulikuwa mzuri, au kwa sababu akina mama hawakutaka mkwe wa mwenyekiti wao arudi Nairobi bila kitu, sijui. Nimejaribu kumchunguza mke wangu, naye anajua jibu na haniambii.

Kiwanda hakikutajirika. Kilisimama, basi. Chai ilirudi kwanza, bila maandazi, kisha maandazi yakarudi kimya kimya bila mtu kutangaza. Mwalimu alirudishiwa kiti chake, na siku ya makabidhiano akakaa, kikamkubali mara moja. Barafu ya misiba nayo aliirudisha, lakini kwa kiasi, na sasa anaiandika kama gharama ya matangazo, jambo nililomfundisha mimi na ambalo afisa wa benki hakulipenda. Yule karani mrefu alipata kazi kwenye duka la nyavu hapo hapo Mbita. Tukikutana tunasalimiana vizuri, na huwa namuona akitazama saa kabla sijamaliza utani. Wengine wawili niliowaachisha sijui walikokwenda. Kituo cha Kisegi, nasikia, kinaendeshwa siku za soko tu, hakina faida kubwa, na lori limepakwa rangi ya kanisa.

Nilikwenda Migori kupumzika wiki mbili kabla ya kurudi Nairobi. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa uani kwa kaptura, nikimenya machungwa, mke wangu akatoka na simu sikioni. Alikuwa akiongea na mama yake. Aliongea kwa muda mrefu, akaanza kucheka, akajiziba mdomo, akaniangalia, akacheka tena.

"Nini?" nikauliza.

"Mama amesikia kazi yako ya kiwanda imeisha na umekaa tu nyumbani. Ameumia sana. Anasema kijana mwenye suti asikae bure." Akashusha simu kifuani. "Ameongea na akina mama. Wanahitaji mtu wa kuhesabu magunia kwenye lori la Kisegi. Anasema usione haya, kila mtu huanza chini."

"Mwambie mimi nina kazi Nairobi! Mwambie nilimaliza, sikufukuzwa."

Mke wangu akarudisha simu sikioni.

"Mama," akasema, "anashukuru sana. Anasema atafikiria."